Mshairi Wako, Wagiriki na Mfereji Wetu

Malindi ya Lushoto, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Agnes,

Simwamini huyo mshairi wako. Nianze na hilo, maana kesho utaniona nimebeba begi lako, nimevaa koti la kanisani, utadhani moyo wangu umetulia. Haujatulia hata kidogo.

Mama yako amekuusia tangu asubuhi: sweta, maji ya kuchemsha, pesa za kuficha kwenye soksi, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa. Mimi sirudii. Sasa hivi yuko jikoni anakukaangia maandazi ya njiani, wewe umekwenda kumuaga bibi yako, nami nimekaa sebuleni na kalamu. Nikisikia mlango nitazisukuma karatasi hizi chini ya kitambaa cha meza kama mwizi. Utajua sababu ukifika mbele.

Uliponiambia mara ya kwanza kwamba kuna mama wa chuo kikuu huko Dar es Salaam anayezitunga upya hadithi za kale za Wagiriki kwa Kiswahili, na kwamba amekuchagua wewe ukamsaidie kitabu chake kipya huku ukisoma, nilicheka. Wagiriki ninaowajua mimi ni wa mkonge. Babu yako aliteremka bondeni akiwa kijana, akakata mkonge kwenye shamba la Mgiriki, akarudi na jicho moja lililochomwa na ncha ya jani na neno moja la Kigiriki ambalo mama yako amepiga marufuku humu ndani. Kwa hiyo uliposema Wagiriki wametuachia hazina, nikajiuliza, tangu lini? Na huyu mama naye, ana hadithi za bibi yake, kwa nini ahangaike na za watu wa mbali? Mtu akiacha kisima cha kwao akaenda kuteka maji ng'ambo, ama kisima kimekauka ama ana lake jambo.

Basi wiki ile ulipokwenda Lushoto kupiga picha za fomu, ukakiacha kitabu chake kitandani, nilikichukua. Nilikisoma nikitafuta wizi. Nimekisoma mara tatu sasa na hujui, kwa sababu kila mara nilikirudisha na karatasi yako ya alama mahali pale pale.

Nikuambie nilichokiona, kwa kuwa hujawahi kuniuliza. Kwanza mashairi yenyewe hayana vina. Sisi tulichapwa viboko kwa ajili ya vina na mizani, nikasema, huyu hajui kazi. Halafu nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe nikasoma kwa sauti, nikagundua kwamba anaukata mstari pale pale ambapo msemaji angeishiwa pumzi. Nikajaribu kuunganisha mistari miwili, nikakwama kama mtu aliyepaliwa. Hapo ndipo nilipomshuku zaidi. Mtu anayeweza kukupangia pumzi yako si wa kumkabidhi mtoto hivi hivi.

Halafu ile miungu yao. Ulinieleza kwamba katika hadithi za kale wanakaa juu ya mlima na wana utukufu mwingi. Huyu mama kawavua utukufu wote. Kawakalisha kwenye viti vya plastiki, wanaagiza chai, wanapendeleana, wanaahirisha shauri la mtu aliyetembea siku mbili kuja kuwaona. Nilicheka mpaka ng'ombe akageuka kunitazama. Nimekaa kwenye kamati ya mfereji miaka mingi, Agnes, na hakuna mungu hata mmoja kati ya wale ambaye sikumtambua. Sisi nasi tunakaa mlimani.

Nilikuwa bado nacheka nilipofunua ukurasa wa lile shairi la binti.

Unalijua kuliko mimi. Mfalme amekusanya merikebu aende vitani, na upepo hakuna. Anaambiwa amtoe binti yake, upepo utavuma. Anamwita kwa uongo, njoo, kuna harusi yako, na binti anakuja amejipamba. Hata kanisani tunayo hadithi ya baba, binti na nadhiri, na mchungaji huipita mbio. Ulisema kwamba katika ile ya kale kila mtu anasema: kuhani, makamanda, na baba mwenyewe akilia. Mshairi wako kawanyamazisha wote. Kamwacha binti peke yake. Na binti hamwulizi baba yake kwa nini uliniua. Anamwuliza alikuwa amekaa wapi wakati yeye anasukwa nywele za harusi, na macho yake yalikuwa yanatazama nini.

Mimi, siku yangu ilipofika, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Umekua ukiambiwa kwamba dada yako Ester alikwenda chuo cha ushonaji Rangwi, na kwamba alishindwa masomo akarudi. Wewe ulikuwa mdogo mno, ulikuwa unatambaa na kula udongo. Sasa sikiliza kwa baba yako, maana hakuna mwingine atakayekuambia. Hapakuwa na chuo.

Mwaka ule mvua za vuli zilikataa. Ulikuwa mwaka ambao hata mchunga na uhombo, mboga zinazojiotea zenyewe, vilinyauka kingo za shamba. Karoti zangu zilikuwa za kimo cha kidole, na unajua zamu ya mfereji ilivyo: siku moja kwa juma, tena uwe umehudhuria msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kusafisha, tena walio juu yako wasiibe. Siku moja haikutosha. Aliyekuwa akisimamia mfereji na kugawa zamu wakati huo, marehemu sasa, alinikuta nimeinama naziba mfereji kwa tope na magogo ya migomba, akaniambia mama yake kule Rangwi amepooza na anahitaji binti wa kumgeuza na kumwogesha. Hakusema zaidi. Mimi nikasema, Ester amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa. Naye akasema, basi tutaona habari ya zamu yako. Wiki iliyofuata nilikuwa na siku mbili.

Ningeweza kumwambia Ester ukweli. Alikuwa mtoto mchapakazi, angekwenda. Pengine angelia, lakini angekwenda akijua anakokwenda. Mimi niliogopa yale machozi. Nikamwambia nimempatia nafasi ya chuo cha ushonaji.

Jioni ile alichukua madaftari manne niliyomnunulia ili uongo ukamilike, akakaa pale mezani ninapokaa sasa na gazeti na mkasi na uji wa ugali badala ya gundi, akayajalidi. Alikuwa akiyageuza kwenye taa aone kama pembe zimekaa sawa. Akaandika jina lake juu ya kila moja. Akaniuliza, "Tate, la nne niandike somo gani?" Alikuwa akiniita tate, kama tulivyowaita baba zetu sisi. Nikamwambia aliache wazi.

Tulikwenda kwa miguu. Njia nzima aliniuliza kama cherehani ni za mguu au za mkono. Tulipoingia katika ile nyumba akaona kitanda, akaona yule bibi, akasikia harufu. Akasimama na mfuko wake wa madaftari.

"Tate, chuo kiko wapi?"

"Kesho," nikasema.

Nikateremka mlima peke yangu haraka haraka, na nilipofika nyumbani nilifungulia maji.

Alikaa miaka miwili, mpaka yule bibi alipofariki. Karoti zilistawi, Agnes. Bati hizi zinazolia mvua juu yako zilitoka kwenye zile karoti, na sare yako ya kwanza, na viatu. Sikuambii ili uubebe huo mzigo, si wako. Nakuambia kwa sababu nimechoka kukuona ukimhurumia dada yako kwa kushindwa chuo, na yeye akinyamaza. Hajawahi kukuambia. Siku aliyorudi alinisalimia, "Shikamoo, baba," akaweka madaftari manne mezani, bado yamejalidiwa, hayajaandikwa hata nukta. Tate sikuisikia tena mpaka leo. Akija Krismasi ananiamkia kwa adabu zote, anakunywa chai akiwa amesimama, anasema basi litamwacha.

Sasa unaelewa niliposoma lile shairi nilifikiri nini. Nilifikiri mmeniuza. Nilimshuku Ester kwanza, kwamba amekueleza. Nikakushuku wewe, kwamba umekwenda kumpa mshairi aibu ya nyumba yetu ili akupende. Nilipekua begi lako, nisamehe, nikasoma mpaka risiti. Nikamgeukia mama yako nikamwuliza kama ameongea.

"Mimi?" akasema. "Miaka yote hii nimeliweka tumboni kwa ajili yako, leo nikalitapike kwa mtunga mashairi?"

Ndipo mshairi wako akaja mwenyewe kukuomba, mwezi uliopita. Nakiri alikuja kwa adabu. Sukari, khanga ya mama yako, kitambaa kichwani, shikamoo mpaka kwa bibi yako aliyekuwa amesinzia. Alikuja kama mtu anayeposa, na hilo nalo nikalishuku. Utakumbuka nilikutuma ukaombe maziwa kwa jirani, na wewe ukanitazama kwa mshangao kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa amekamuliwa asubuhi ile ile. Nilitaka utoke.

"Mama yako yu hai?" nikamwuliza ulipofunga mlango.

"Alifariki, baba. Siku nyingi."

"Pole. Na mama mkwe?"

"Sina mume, baba."

"Nyumbani kwako kuna mgonjwa yeyote? Wa kulala kitandani?"

Mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Hakuna," akasema mshairi wako. "Kuna paka, naye ni mzima."

Sikucheka. Nilimwacha anywe chai kidogo, kisha nikamrushia lile swali nililokuwa nimelala nalo wiki nzima.

"Nani alikuambia habari za mfereji?"

Akaweka kikombe chini taratibu. "Mfereji upi, baba?"

"Wa kwenye shairi lako. La yule binti."

"Kwenye shairi langu kuna upepo," akasema, "na merikebu, na bahari. Mfereji hakuna."

Agnes, nilikuwa nimelisoma mara tatu. Nilikuwa tayari kuapa mbele ya mchungaji kwamba mfereji umo, na magogo ya migomba yamo, na kitanda cha yule bibi. Nikainuka nikakileta kitabu mbele yake, nikatafuta kwa kidole mstari kwa mstari. Havimo. Upepo tu na merikebu, na binti anayesukwa nywele. Yale mengine nilikuwa nimeyatia mwenyewe.

Hapo mama yako akanigeukia. "Baba Ester," akasema, "hakimu hajaingia na wewe umeshakiri." Sijui kama umewahi kuliona hilo, lakini mama yako huniita Baba Agnes. Mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi nimeitwa kwa wa pili miaka yote, na majirani wakidhani ni mapenzi tu ya kitinda mimba. Siku ile aliniita jina langu.

Mshairi wako hakuuliza kilichotokea. Nilisubiri aulize, nimshike hapo, kwamba kumbe ni mchokonozi wa habari za watu. Alisema kwamba alipolisoma shairi lile Bukoba baba mmoja alisimama mbele ya watu akamfokea, kwamba nani kakupa habari za ng'ombe wangu. Shairi halina ng'ombe. Alisema hadithi ile imeishi miaka mingi kuliko ukoo wowote tunaoujua, na kila anakofika anakuta imemtangulia. Hakuichagua kwa kuwa ni ya Wagiriki. Aliichagua kwa sababu ikiwa ya watu wa mbali, watu wanaisikiliza mpaka mwisho kabla hawajajua kwamba ni yao.

"Na hili la mfereji," nikamwambia, "utaliandika."

"Siliandiki, baba," akasema. "Labda mwenyewe aniambie."

Nikaanza kusema mwenyewe ndiye mimi. Nikaona jinsi alivyoinamia kikombe chake, nikaelewa kwamba mwenyewe ni Ester.

Ukarudi na maziwa, ukatukuta wote watatu tunatazama meza, ukadhani nimekukatalia. Nikakuona uso ulivyoanguka. Nikasema, "Nenda," kwa ukali, na wewe ukashukuru huku unalia, na mimi nilikuwa na ukali kwa sababu ya jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo nakubali kwamba huyo mama anaijua kazi yake. Sijawahi kuona mtu akichukua kitu kikuukuu cha ugenini, akakisugua, mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Unakwenda kujifunza kwa mtu mwenye mkono. Lakini kumsifu si kumwamini, na nakuomba usichanganye hayo mawili. Mwandishi anaposema hataliandika jambo, mimi nasikia tu kwamba bado halijaiva. Siku ya kwanza mwulize kazi iko wapi, dawati liko wapi, utasoma darasa gani. Mwulize ukiwa bado umesimama, mfuko mkononi. Akikuonyesha, kaa, ufanye kazi kwa moyo wote. Akikuambia kesho, chukua madaftari yako urudi nyumbani, hata kama ni jioni, hata kama atakasirika, hata kama utaniona mimi mlangoni nimekunja uso. Ester alikuwa na haki ya kurudi siku ile ile. Hakurudi kwa sababu alikuwa ameniamini.

Nimefikiri sana juu ya wasiwasi wangu. Mama yako anasema ni tabia, kwamba hata karoti naichomoa kuona kama inakua. Pengine. Lakini naona sasa kwamba kila nilichomshuku yule mama, mimi nilikuwa nimekifanya. Nilimshuku amekuita kwa uongo. Nilimshuku ana mgonjwa amemficha chumbani. Mwongo hupata shida kuwaamini watu, kwa sababu anajua inavyofanyika. Miaka yote nimekulinda dhidi ya watu wanaofanana na mimi, na mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya nyumba nakula chakula cha usiku nawe.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonikalisha hapa.

Soni, mahali mabasi yanaposimama na watu wanakimbilia madirisha na mapeasi na matunda damu, ndipo dada yako anapouza. Meza yake ni ya tatu kutoka kwenye mti, ina mwavuli wa bluu. Unaijua, hununui kwingine. Mimi kila nikisafiri hukaa upande usio wa soko. Nikikosa kiti cha upande ule, nasinzia kuanzia kwenye kona ya juu mpaka basi lipite. Nimefanya hivyo mpaka makonda wananijua, wananiambia, "Mzee, usingizi wako una saa."

Kesho nitasafiri nawe. Tikiti yako ni ya Dar es Salaam, yangu ni ya Soni. Hukuniuliza kwa nini nimekata mbili, ukadhani nakusindikiza. Barua hii nitakupa tutakapopanda gari hapa Malindi, nami nitakaa kiti cha nyuma yako, ili usinitazame unaposoma na mimi nisikutazame.

Umeona karatasi hii ilivyo na manjano pembeni. Ni ya daftari la nne, lile ambalo halikuandikwa somo. Nimelichana kurasa za katikati kwa uangalifu, jalada la gazeti bado zima na jina lake juu. Mengine matatu nimeyafunga kwenye kitambaa, yamo ndani ya koti. Sijui kama nimpe au nisimpe, nitaona nikifika. Siendi kuomba msamaha kwa hotuba. Hotuba ni za yule mfalme. Dada yako aliniuliza swali moja akiwa na miaka kumi na minne, na sikumjibu. Nimejizoeza jibu nyuma ya banda la ng'ombe, kwa sauti, na hata hapo pumzi inakatika katikati: tate wako anasema, chuo hakikuwepo.

Nasikia sauti yako njiani unaagana na bibi, naacha hapa. Nenda, mwanangu, uandike vizuri kuliko huyo mama, na mimi nitakushuku nawe pia.

Ila kama umefika mstari huu, na basi limesimama, na unauona mwavuli wa bluu, na ukigeuka unanikuta bado nimekaa nyuma yako nimefumba macho, ujue silali. Nisukume nishuke.

Baba yako,
Baba Ester